Karafuu Inaua Vimelea Kwenye Chupa. Tumboni Je?



Ukisema unatoka Pemba na unasomea uhandisi wa kemikali, basi umeshajitafutia kazi. Nimeulizwa jikoni hosteli, nimeulizwa kwenye futari ya jumuiya, nimeulizwa na Mganda anayesomea sheria ambaye karafuu anaijua kwenye pilau tu: eti ni kweli mafuta ya karafuu yanatibu minyoo? Na malaria je? Na yale ya mchaichai? Mhariri wetu kaona bora niandike mara moja, maswali yaishe. Mimi ni mtu wa mitambo na mabomba, wala sina haki ya kumwandikia mtu dawa. Lakini swali lenyewe, ukilitazama vizuri, sehemu yake kubwa ni hesabu, na hesabu tunaiweza.

Kwanza tuelewane ni mafuta gani tunayazungumzia, maana watu wanachanganya. Mafuta ya mwarobaini, ya nazi, ya habasoda, hayo yanakamuliwa. Ukidondosha tone kwenye karatasi, doa linabaki mpaka kesho. Haya ya karafuu, mchaichai, mkaratusi na kivumbasi ni jamii nyingine kabisa. Doa lake linaondoka lenyewe baada ya muda, kwa sababu yanaruka hewani, na ndiyo maana unayanusa. Nitayaita mafuta ya harufu. Hupatikana kwa kukeneka: unapitisha mvuke wa maji katikati ya majani au makonyo, mvuke unabeba harufu, unaupoza, halafu mafuta na maji vinajitenga vyenyewe. Uzuri wa jambo hili, kwa sisi wahandisi, ni kwamba yujenoli, yaani kiambata kikuu cha karafuu, peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 hivi za Selsiasi, lakini ikiwa pamoja na mvuke inatoka chini ya nyuzi 100. Bila ujanja huo tungeiunguza. Kule kwetu kiwanda cha makonyo kiko Wawi, Chake Chake, na siku kinapofanya kazi huhitaji kuuliza njia.

Karafuu kavu ni tajiri mno: katika kilo moja unaweza kupata mafuta gramu 150 hadi 200, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli. Ile harufu ya chumba cha daktari wa meno ndiyo hiyo hiyo, kwa sababu yujenoli imechanganywa kwenye dawa za kuzibia meno kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba karafuu kuwa dawa ni hadithi za bibi.

Sasa tuje kwenye vimelea. Ukiingia kwenye majarida ya kisayansi ukatafuta mafuta ya harufu na vimelea, utakuta makala chungu nzima. Mafuta haya yameua vimelea vya malaria, vya malale, vya kalazaa, mayai ya minyoo, karibu kila kitu. Kiambata kimoja cha mafuta ya melaleuka, mti wa Australia ambao mafuta yake kila duka la dawa hapa Uingereza linayauza kwa jina la tea tree, kimeua vimelea vya malale maabara kwa kiwango kidogo kuliko kile kinachodhuru seli za binadamu. Ukisoma makala kumi za namna hiyo mfululizo unaweza kudhani kwamba makampuni ya dawa yanatuficha kitu.

Hawatufichi. Kuua kimelea ndani ya kichupa si kazi ngumu. Sabuni inaua. Siki inaua. Mafuta ya harufu yanapenda mafuta wenzake, na ukuta wa seli yoyote ile, ya kimelea au ya kwako, umejengwa kwa mafuta. Yanaingia kwenye ukuta, yanaulegeza, seli inavuja, inakufa. Swali la maana ni hili: je, ni kiasi gani kinahitajika, na kiasi hicho unaweza kukifikisha pale kimelea kilipo bila kumuua mwenye mwili?

Chukueni kalamu. Tuseme kuna mafuta yanayoua nusu ya vimelea kwa maikrogramu 50 kwenye kila mililita. Namba hii nimeiweka kama mfano, lakini si ya uonevu. Makala nyingi hutoa makumi au hata mamia ya maikrogramu, na watafiti wanafurahi. Mtu mzima wa kilo 60 ana maji mwilini kama lita 36. Ili maji hayo yote yafikie kiwango kile, unahitaji miligramu 1,800, yaani karibu gramu mbili za mafuta. Unasema mbona kidogo tu, ni theluthi ya kijiko cha chai? Haya, kamati ya wataalamu wa FAO na WHO inayoshughulikia viungo vya chakula imeweka kiwango cha yujenoli ambacho mtu anaweza kula kila siku bila wasiwasi: miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili. Kwa huyu wa kilo 60 ni miligramu 150. Tumeshazidi mara kumi na mbili, na hapo tumeua nusu tu ya vimelea. Tena tumejidanganya kwamba ini limekaa linatutazama. Ini halikai. Yujenoli ikiingia, ini linaikamata, linaibadilisha na kuitoa, na ndani ya saa 24 karibu yote imekwenda na mkojo. Kwa hiyo kesho unywe tena, na ini lile lile libebe tena.

Linganisheni na artemisinini, dawa ya malaria. Yenyewe maabara hufanya kazi kwa nanogramu chache katika mililita. Mafuta yetu ya mfano yana nanogramu 50,000. Tofauti ni zaidi ya mara elfu kumi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kitu kinachoua kimelea na kitu kinachoweza kuwa kidonge.

Najua msomaji makini ameshanyoosha mkono: minyoo haiko kwenye damu, iko utumbono mle, sasa damu ya nini? Swali zuri. Lakini mafuta haya hunyonywa haraka, mengi yake yanaingia mwilini huku juu kabla hayajafika kule chini wanakokaa minyoo wengine. Unamnyima mnyoo, unampa ini.

Na jambo hili si la kukisia, kwa sababu lilishajaribiwa kwa watu wengi mno. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Ulaya walianza kutibu minyoo ya safura kwa thimoli, kiambata cha mafuta ya zaatari na cha mbegu za ajwani. Mwaka 1909 Rockefeller alitoa fedha za kupambana na safura kusini mwa Marekani, na dawa iliyotumika ilikuwa thimoli pamoja na chumvi ya haluli. Mgonjwa alikatazwa kabisa pombe na vyakula vya mafuta siku ile, maana vingeifanya thimoli inyonywe na kumdhuru. Walikuwa wanaijua hesabu yetu bila ya kikokotoo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, thimoli ikaadimika, kwa sababu viwanda vingi vilivyoitengeneza vilikuwa Ujerumani, na nafasi yake ikazidi kuchukuliwa na mafuta ya mmea mwingine wa Amerika, epazote, ambao Wameksiko huutia kwenye maharage. Mafuta hayo yalikenekwa kwa wingi Maryland. Na yalifanya kazi! Minyoo ilitoka. Kiambata chake kinaitwa askaridoli, jina lililotokana na askarisi, ule mnyoo mrefu wa mviringo tunaoujua sote. Ubaya ni kwamba dozi ya kutoa minyoo na dozi ya kumdhuru mtu zilikuwa majirani wa ukuta mmoja. Watu walipoteza kusikia, walipata degedege, na wengine, watoto hasa, walikufa. Dawa nyingine zilipopatikana, mafuta yale yakaachwa. (Askaridoli, kwa faida ya wahandisi wenzangu, ukiipasha moto kupita nyuzi 130 inaweza kulipuka. Fikiria kuendesha mtambo huo.)

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu mwaka jana lilinifikia nyumbani kwetu hasa. Dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Chake Chake. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa hali vizuri, tumbo limetuna, na jirani kamshauri ampe mafuta ya karafuu kijiko kimoja na asali, asubuhi kabla hajala. Chupa anayo mkononi. Alinipigia si kuniomba ruhusa, bali kunifurahisha, kwamba karafuu zetu bado zina kazi.

"Dada, usimpe," nikamwambia.

"Kwa nini? Wewe si mwenyewe unayasomea? Au ukishakaa Ulaya dawa za kwetu hazifai tena?"

Nikamweleza kisa cha kweli. Mwaka 1993 madaktari wa hapa Uingereza walichapisha habari ya mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu. Alipata degedege, akapoteza fahamu, sukari ikashuka, damu ikawa haigandi, ini likaharibika. Alipona, lakini baada ya kuhangaikiwa hospitali yenye vifaa vyote. Kijiko cha chai ni mililita 5. Dada yangu akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na karafuu ninayotia kwenye chai?" Nikamwambia hiyo endelea nayo, punje mbili tatu hazifiki hata robo ya gramu, na mafuta yake ni kidogo zaidi. Siku ile ile alimpeleka mtoto kituo cha afya, akapimwa choo, akapewa dawa ya minyoo, na jioni shemeji akanitumia ujumbe kwamba kijana kala ubwabwa sahani mbili. Chupa ya mafuta alimrudishia jirani, na sidhani kama alimrudishia kwa maneno matamu.

Je, ina maana dawa za hospitali zinatosha, tufunge mjadala? Hapana, na hapa ndipo sikubaliani na wenzangu wanaocheka kila kitu kinachotoka porini. Pale pale Wawi kwenye kiwanda cha makonyo ndipo ilipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri. Pemba kulifanyika jaribio kubwa kwa watoto wa shule, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Walipewa dawa za minyoo kwa makundi. Kwa ule mnyoo mdogo wenye umbo la mjeledi, albendazoli peke yake, ile ile inayogawiwa mashuleni, iliponya asilimia 2.6 tu ya watoto. Ikichanganywa na dawa nyingine iitwayo oksanteli ilifika asilimia 31.2. Kwa askarisi albendazoli ni kiboko, lakini kwa mjeledi tuna tatizo. Na kwenye malaria hali si shwari: vimelea vilivyoanza kuizoea artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Dawa mpya tunazihitaji kweli kweli.

Artemisinini yenyewe si ilitoka kwenye mmea? Ilitoka, na hapa kuna somo ambalo wauzaji wa chupa za mtandaoni hawalitaji. Bi Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, mwanzoni mwa miaka ya 1970 aligundua kwamba joto linaiharibu dawa iliyomo kwenye majani ya artemisia, akaamua kuitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu. Sasa fikiri: mafuta ya harufu ya artemisia hutolewa kwa mvuke, na artemisinini hairuki na mvuke. Inabaki kwenye makapi. Mtu anayenunua mafuta ya artemisia kwa ajili ya malaria ananunua harufu, dawa imetupwa nyuma ya kiwanda.

Jambo lingine ambalo mimi binafsi lilinisisimua nilipolisoma: artemisinini na askaridoli ya epazote zina kiungo kinachofanana, daraja la oksijeni mbili zilizoshikana. Kimelea cha malaria hula hemoglobini, kinaachia chuma, chuma kinavunja daraja lile, na vipande vyake vinamwangamiza kimelea mwenyewe. Ni kama bomu linalofunguliwa na adui. Watafiti wa Taasisi ya Pedro Kourí kule Havana wamekuwa wakiyachunguza upya mafuta ya epazote dhidi ya vimelea vya lishmania, na kwenye panya yamepunguza vidonda. Tena mafuta yenyewe yalifanya kazi vizuri kuliko viambata vyake vikitolewa kimoja kimoja. Mmea uliofukuzwa hospitali umerudi kupitia mlango wa maabara, safari hii ukiwa na mizani.

Mahali ambapo mimi naona mafuta haya yana nafasi ya karibu zaidi ni nje ya mwili. Ukipaka ngozini, hesabu ya lita 36 inakufa. Unahitaji kiwango kikubwa pale pale tu kimelea kilipo. Upele ni mfano mzuri, na aliyesoma bweni hahitaji kuelezwa upele ni nini. Mwaka 2004 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mafuta ya melaleuka ya asilimia 5 yanaua utitiri wa upele, na mwaka 2010 wengine wa huko huko wakaonyesha kwamba yujenoli ya karafuu inawaua ndani ya saa moja, sawasawa na benzili benzoeti ya hospitali. Mafuta yenyewe ya karafuu yaliwaua hata utitiri walioizoea permethrini. Hiyo ni kazi ya maabara, na bado kuna safari kabla haijawa dawa ya kununua. Wala msichukue mafuta matupu mkajipaka, yataunguza ngozi.

Kuna pia kuwazuia wadudu wanaoleta vimelea. Kutoka kwenye mkaratusi wenye harufu ya limau kunatengenezwa kinga ya mbu inayoitwa PMD, ambayo kituo cha CDC cha Marekani kimeikubali tangu mwaka 2005, ila si kwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Hii ni dawa iliyosafishwa na kupimwa, usiichanganye na kichupa cha mafuta ya mkaratusi cha kuogea. Na wataalamu wa icipe, Nairobi, walifanya jambo la akili sana. Mbung'o hampendi kuro, ingawa wanaishi pori moja. Wakachunguza harufu ya kuro, wakaiiga, wakaitia kwenye vifaa vya kuvalishwa ng'ombe shingoni. Kule Kwale ng'ombe waliovishwa walipata nagana kwa zaidi ya asilimia 80 pungufu. Mmoja wa viambata vya harufu ile, guayakoli, ni ndugu wa karibu wa yujenoli. Hapo hakuna aliyekunywa kitu.

Kinachotukwamisha zaidi, kwa maoni yangu, ni jambo la kuchosha: vipimo. Kivumbasi cha shamba hili kinaweza kuwa na yujenoli nyingi, na cha bonde la pili, jamii ile ile, kikajaa thimoli. Ukichuma asubuhi au jioni, kiangazi au masika, mafuta yanabadilika. Makala nyingi zinaandika "mafuta ya kivumbasi" kana kwamba ni kitu kimoja, hazisemi ndani mna nini, halafu mwingine akirudia jaribio anapata jibu tofauti na kila mtu anamlaumu mwenzake. Kazi hii ya kupima kila pipa, na ile ya kuyafunga mafuta ndani ya vidonge vidogo vidogo ili yapite huku juu salama na kufunguka kwenye utumbo mpana anakokaa mnyoo wa mjeledi, ni kazi ya wahandisi. Mimi utafiti wangu ni wa vidonge vidogo kama hivyo, ila ni kwa ajili ya ladha ya biskuti, kwa sababu kampuni za biskuti zina pesa na mnyoo wa mjeledi hana.

Wale wanaokwenda nyumbani likizo hii: kinga ya malaria tuliyokua nayo inapungua tukikaa huku, na wengi wanaougua malaria hapa Uingereza ni sisi tuliokwenda kusalimia ndugu bila kumeza vidonge vya kujikinga. Vidonge viende begi la mkononi, PMD ya kupaka iende sanduku. Na mkiletewa makala ya kisayansi inayosema mafuta fulani yanaua kimelea fulani, tafuteni humo ndani vitu vitatu: kiasi gani kiliua, kiasi gani kilidhuru seli za binadamu, na mafuta yenyewe yalikuwa na nini. Asiyeziona anikute maktaba, ghorofa ya pili, Jumatano jioni. Aje na kikokotoo chake, changu betri imekwisha.